Septemba ya 1993 iliyogoma kuisha: ukumbi mdogo ukifurika wageni, hasa huwa kinakufa nini?

#1 Mzee wa Modemu

Wakuu, salaam.

Haupiti muda humu bila mtu kuibuka na kilio cha "zamani jukwaa lilikuwa na watu, siku hizi wamejaa watoto". Leo nimeona niwaletee kisa kilichokipa kilio hicho jina. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni namna ya kompyuta za vyuo kupeana ujumbe kwa laini ya simu ya kawaida. Usiku, simu zikiwa nafuu, kompyuta moja inaipigia nyingine, zinabadilishana yaliyoandikwa mchana, kisha ile ya pili nayo inaipigia ya tatu. Mwaka uliofuata mambo yakaanza, mtandao ukaitwa Usenet. Haukuwa na mwenyewe wala makao makuu. Mazungumzo yaligawanywa kwa vikundi: comp kwa kompyuta, sci kwa sayansi, rec kwa burudani, soc kwa jamii, na baadaye alt, ambako kufungua kikundi kipya hakukuhitaji kuwabembeleza wakubwa.

Ili uingie ilibidi uwe na akaunti kwenye kompyuta ya chuo, maabara au kampuni fulani. Ndiyo maana wageni walikuja kwa msimu. Septemba vyuo vya Marekani vinafunguliwa, mwaka wa kwanza wanapewa akaunti, na vurugu zinaanza: mtu anatuma "majaribio, majaribio" kwenye vikundi kumi, anauliza swali lililojibiwa juzi, anaandika kwa herufi kubwa tupu, anamjibu mtu mmoja jambo la siri mbele ya halaiki. Wenyeji walifoka, wakaelekeza, wakafoka tena. Kulikuwa na kikundi kizima, news.announce.newusers, kazi yake kumsomesha mgeni kabla hajafungua mdomo. Ule utaratibu wa kukusanya maswali yanayojirudia pamoja na majibu yake, ambao leo uko kwenye kila tovuti, ulikomaa humo. Ikifika Novemba, aliyeshindwa ameshaondoka na aliyebaki ni mwenyeji anayewafokea wengine.

Halafu yakaja makampuni ya kuuza huduma ya mtandao majumbani. Tarehe 26 Januari 1994 bwana mmoja, Dave Fischer, aliandika kwenye alt.folklore.computers kwamba Septemba 1993 itakumbukwa katika historia ya mtandao kama Septemba ambayo haikuisha. Machi mwaka huohuo AOL, mojawapo ya makampuni hayo, iliyokuwa ikisambaza diski zake majumbani mwa Wamarekani, ikawafungulia wateja wake mlango wa Usenet. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa na wanachama milioni moja. Hawa hawakuwa na muhula. Waliingia Jumatatu, wakaingia Jumanne, wakaingia sikukuu.

Kuna programu ndogo iliyotungwa kwa utani ambayo inaendelea kuhesabu siku kana kwamba bado ni Septemba 1993. Kwa hesabu hiyo tumeshavuka Septemba tarehe 11,000.

Sasa hoja yangu. Watu husema Usenet iliuawa na wajinga. Mimi nakataa. Wajinga walikuwepo kila mwaka, na kila mwaka walifundishika. Kilichopotea ni ile Oktoba na Novemba: muda wa mwenyeji kupumua, na muda wa mgeni kukaa pembeni akatazama wenzake wanavyoongea. Mgeni wa 1990 alipoingia kikundini alikuta wenyeji wengi na wageni wachache, akaiga wengi. Mgeni wa 1995 alikuta wageni wenzake ndio wengi, naye akaiga wengi vilevile. Kosa lake liko wapi?

#2 kilaza_mstaafu

Nimekaa pale, siti ya dirishani. Endelea mkuu.

#3 Binti Pangani

Shikamoo mzee, na asante kwa uzi. Ila kuna mambo mawili siwezi kuyapita.

La kwanza, wasomaji ziangalieni vizuri tarehe alizoweka mleta mada. Fischer analalamika Januari, AOL inafungua mlango Machi. Ukisoma simulizi nyingi utaambiwa watu wa AOL ndio walioiharibu Septemba 1993, ilhali siku kilio kinapigwa hawakuwa hata wameingia! Kampuni nyingine kama Delphi zilikuwa zimeshaanza kuwaunganisha watu wa kawaida, na vyuo vyenyewe vilikuwa vinapanuka. AOL walikuja kubebeshwa zigo lote kwa sababu walikuwa wengi na anwani zao zilionekana wazi mwisho wa jina. Mgeni anayetambulika kwa sura ndiye hulaumiwa hata kwa mvua iliyonyesha kabla hajafika.

La pili, hiyo Usenet ya kistaarabu kabla ya mafuriko, ilikuwa wapi? Mike Godwin aliitunga ile kanuni yake mwaka 1990, humohumo Usenet: kwamba kadiri mjadala unavyorefuka, ndivyo uwezekano wa mtu kumfananisha mwenzake na Hitler unavyokaribia hakika. 1990, jamani. Miaka mitatu kabla ya msiba. Na kikundi cha alt.flame, mahususi kwa kutukanana, kilikuwepo tayari. Wale watu walitukanana vizuri tu, tofauti ni kwamba walikuwa wanafahamiana.

Halafu jiulizeni walikuwa akina nani. Vyuo na maabara za Marekani, Ulaya, Australia. Kenya ilipata kampuni ya kwanza ya kuuza huduma ya intaneti mwaka 1995. Kwa hiyo mimi na wewe, mzee wangu, tumo kwenye mafuriko. Tukiulilia ukumbi wa kabla ya Septemba tunaulilia ukumbi ambao tusingekaribishwa.

#4 Nassoro_mpya

Habari zenu wakubwa. Samahani, hiyo Usenet ni app? Nimeitafuta Play Store naona vitu vingi sielewi nipakue ipi.

#5 Chuma cha Pua

Haya sasa, Septemba hiyo imepiga hodi 😂😂

#6 Mzee wa Modemu

@Chuma cha Pua, muache mwenzio, kauliza vizuri.

@Nassoro_mpya karibu sana. Si app moja. Ni mfumo wa kompyuta nyingi zinazopokezana ujumbe, na ili usome unahitaji programu ya kusomea pamoja na mtu mwenye seva atakayekupa akaunti. Bado ipo hai, ingawa imepungua sana. AOL walifunga mlango wao mwaka 2005, na Google Groups wakaacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet Februari 2024. Yale ya zamani yamehifadhiwa na unaweza kuyasoma. Anza na vikundi vya comp, vimetulia.

@Binti Pangani marahaba. La tarehe umelisema vizuri kuliko mimi. La pili nakubali nusu. Sisemi walikuwa malaika. Nasema walikuwa na njia ya kumgeuza mgeni kuwa mwenyeji, na njia hiyo ilizidiwa. Kutukanana na mtu utakayemkuta kesho na kesho kutwa kuna breki zake. Kumtukana mtu ambaye hutamkuta tena hakuna breki.

#7 Wakili wa Mtaa

Mmesahau mgeni wa aina ya tatu, yule asiyekuja kuzungumza.

Aprili 1994, mwezi mmoja tu baada ya AOL kufungua, wanasheria wawili mume na mke wa Phoenix, Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, waliweka tangazo moja kwenye maelfu ya vikundi vya Usenet kwa mpigo. Tangazo la nini? Bahati nasibu ya Green Card! Ile ile ambayo kwa miaka mingi wabongo na wakenya tumepanga foleni ya picha za pasipoti. Walikuwa wanajitangaza kuwasaidia watu kujaza maombi. Ukifungua kikundi cha wapenda paka, Green Card. Fizikia, Green Card. Watu waliwaandikia kwa hasira kiasi kwamba kampuni iliyokuwa inawapa huduma ilielemewa, nao hawakujuta hata kidogo. Baadaye walitoa kitabu cha kufundisha wengine namna ya kutajirika kwa mtindo huohuo. Canter alikuja kufutiwa uwakili Tennessee mwaka 1997, na tangazo lile likiwa miongoni mwa sababu.

Ninachotaka kusema: palipo na watu elfu mbili wanaofahamiana hakuna anayekuja kuuza kitu. Palipo na milioni, mchuuzi atakuja, tapeli atakuja, na mtu wa siasa atakuja na vijana wake wa kulipwa. Nyie mnajadili mwanafunzi asiye na adabu. Huyo hana madhara. Sheria ngumu, kuhakiki akaunti, kufungiwa bila onyo, vyote hivi huletwa na hawa wa tatu, halafu anayeumia ni Nassoro.

#8 kilaza_mstaafu

Wakili leo umeongea point. Na wa mikopo ya mtandaoni je 😅

#9 Mhariri wa Pembeni

Anachosema Wakili kuhusu Nassoro kuumia kimefanyiwa utafiti, tena kwa Wikipedia.

Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa na wahariri hai wengi kuliko wakati wowote mwaka 2007, kisha idadi ikaanza kushuka. Aaron Halfaker na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2013. Hawakukuta kwamba wageni wazuri waliisha. Walikuta kwamba miaka ya mafuriko, wenyeji walijitengenezea vifaa vya kujilinda na waharibifu: programu za kufuta haraka, roboti, maonyo yaliyoandikwa tayari. Vifaa vilifanya kazi. Mharibifu alifutwa ndani ya dakika, lakini na mgeni mwenye nia njema aliyekosea kuweka chanzo alifutwa vilevile, kwa onyo lilelile la mashine. Akaondoka. Juu ya hapo sheria zilikuwa zimeshakauka. Mgeni hakuwa na nafasi ya kuzibadilisha kama waliomtangulia. Tatizo lilionekana hata kabla ya chapisho hilo, ndiyo maana mwaka 2012 wakaanzisha ukurasa unaoitwa Teahouse, mgeni anauliza swali la kijinga na anajibiwa na binadamu.

Yetu ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina kisa kinyume kabisa. Mwishoni mwa 2009 Google walitangaza shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki, zawadi zikiwemo kompyuta za mkononi. Jamii ya wahariri ilikuwa ya watu wa kuhesabika kwa vidole, ghafla ikapokea mamia. Makala ziliongezeka, nyingi zikiwa tafsiri kutoka Kiingereza zilizosaidiwa na mashine, na kazi ya kuzisafisha ikawaangukia wale wale wachache. Zawadi zilipotolewa, wengi wa washiriki hawakuonekana tena.

Kwa hiyo mzee, kwako wageni hawakuisha kuja. Kwetu walikuja wakaisha. Ukiniuliza kipi kibaya zaidi, sina hakika. Mafuriko yakikupitia angalau unabaki na watu.

#10 Jirani wa Likoni

Wadau, niongeze ya juzi juzi tu. Mastodon, mtandao wa kijamii unaofanana na Twitter.

Eugen Rochko, Mjerumani, aliianzisha 2016. Ilikuwa pahali patulivu, watu wenye kupenda faragha yao, wengi wao walikuwa wametoroka Twitter kwa kuudhiwa. Elon Musk alipomaliza kuinunua Twitter mwisho wa Oktoba 2022, watu walihama kwa fujo. Rochko mwenyewe alisema watumiaji wa mwezi walipanda kutoka kama 300,000 hadi milioni 2.5 kati ya Oktoba na Novemba. Mwezi mmoja!

Wenyeji walikuwa na desturi zao. Ukiandika habari nzito unaifunika kwa onyo ili msomaji achague mwenyewe kuifungua. Tena hakukuwa na ile njia ya kumnukuu mtu ukaweka maneno yako juu, maana waliona ndiyo silaha ya kumuanika mtu akachekwe na umati. Wageni wakaona ni ubabaishaji. Lakini hapa ndipo Binti Pangani anapata ushahidi wake: Wamarekani weusi waliohamia kule waliambiwa wafunike habari za ubaguzi waliokumbana nao, eti zinawaudhi watu. Ati maisha yangu ndiyo ya kufunikwa. Wengi walirudi walikotoka. Sasa hapo mila ya ukumbi ilikuwa inalinda nani?

Na mwisho wa siku wenyeji hawakushinda pia. Mwaka 2025 Mastodon ikaleta kunukuu, ila wameweka breki: mwenye ujumbe ndiye huamua nani anaweza kumnukuu. Hiyo nimeipenda. Si ya wenyeji, si ya wageni.

#11 Binti Pangani

Jirani, ahsante, umenifikishia.

Niwape na huu utafiti wa wanywaji bia, maana nikiukumbuka huwa nacheka. Mwaka 2013 Cristian Danescu-Niculescu-Mizil na wenzake walichambua maandishi ya miaka zaidi ya kumi kwenye kumbi mbili za watu wanaoonja bia na kuziandikia maoni, BeerAdvocate na RateBeer. Walifuatilia maneno tu. Mtu akiingia, mwanzoni anajifunza lugha ya wenzake kwa kasi, anazidi kufanana nao. Halafu anafika mahali anaganda. Yeye anabaki na msamiati wake, ukumbi unaendelea kubadilika, mpaka siku anajiona yuko ugenini, na baada ya hapo huondoka.

Yaani hakuna aliyemfukuza. Hakukuwa na Septemba wala AOL. Ukumbi ulikwenda kwa mwendo wa kawaida, yeye ndiye aliyesimama.

Sasa mtu huyu akija hapa na uzi wa "jukwaa limeharibika", utajuaje kama limeharibika kweli au yeye ndiye ameganda?

#12 Mzee wa Modemu

Swali zuri, na sitalikimbia. Unatazama kama mgeni anayeuliza anajibiwa. Mzee aliyeganda atakwambia watu hawaandiki kama zamani, hiyo ni ladha yake. Lakini palipoharibika, swali linakaa siku tatu halina jibu, au linajibiwa na mzaha peke yake. Hapo si ladha tena.

#13 Mama Ufuta

Jamani mimi si mtu wa kompyuta, nimeletwa na binti yangu. Nina kundi la WhatsApp la wakulima wa ufuta, tulianza majirani na wakwe. Zamani lilikuwa likijaa watu 256 WhatsApp wenyewe wanakataa, basi mtu akitaka kuingia anasubiri mwingine atoke. Mwaka 2022 wakaongeza nafasi mpaka 512, na mwaka huohuo wakafika 1,024. Sisi tukashangilia. Sasa nina watu mia tisa, asubuhi nakuta sala, picha za maua, matokeo ya mpira, mtu anauza sola, na aliyeuliza kuhusu wadudu tangu jana hajajibiwa. Wale wazee wangu wa mwanzo wamenyamaza. Wamo, lakini hawasemi. Nifanyeje? Nilifute nianze upya?

#14 Wakili wa Mtaa

Mama Ufuta, shikamoo. Huyo wa sola ndiye mgeni wangu wa tatu. Mtoe leo.

#15 Mzee wa Modemu

Mama, usilifute. Na kunyamaza kwa wazee ndiyo dalili ya kuishughulikia kwanza, maana hao ndio waalimu wako. Nakupa visa viwili vya kumbi zilizopona.

Ndani ya Reddit, tovuti yenye vikundi vingi vya majadiliano, kuna kikundi cha hadithi za kutisha, NoSleep. Sheria yake ya ajabu: kila hadithi inachukuliwa kuwa kweli, hata komenti unaandika kana kwamba yametokea. Ukiandika "uongo huu", inafutwa. Mei 2014 Reddit ikakiweka kwenye orodha ya vikundi ambavyo kila aliyefungua akaunti aliunganishwa navyo bila kuulizwa. Wageni wakaja kwa wingi wasiojua kabisa huo mchezo. Kila mtu angetabiri kifo. Charlie Kiene, Andrés Monroy-Hernández na Benjamin Mako Hill waliwahoji wanachama na wasimamizi, wakachapisha 2016: kikundi hakikufa. Wasimamizi walikuwa wengi, wanaelewana na wako macho. Vifaa viliwasaidia kufuta yanayokwenda kinyume. Na wanachama wa kawaida wenyewe walikuwa wanawaelekeza wageni na kuripoti. Sheria ilikuwa moja, inaeleweka, na mgeni aliiona ikitekelezwa siku ileile aliyoingia.

Cha pili ni cha MetaFilter, tovuti ya mazungumzo ya tangu 1999. Walifunga mlango kwa muda walipozidiwa, kisha tangu 2004 mgeni analipa dola 5 mara moja tu, na anasubiri wiki kabla ya kuruhusiwa kuanzisha mada. Pesa ni kidogo. Kinachofanya kazi ni ile wiki ya kutazama, yaani wamejitengenezea Oktoba yao.

Kwako wewe: WhatsApp ina sehemu ya jumuiya, unaweza kuwa na makundi kadhaa chini ya mwavuli mmoja. Hilo la mia tisa liache liwe la matangazo, mnaandika viongozi tu. Chini yake weka madogo kwa kata, na kila dogo uweke wazee wako watatu au wanne wa kwanza kama wasimamizi. Waombe kwa simu, usiwaandikie kundini.

#16 Mhariri wa Pembeni

Naunga mkono, ila Mzee umepita haraka kwenye jambo gumu. Hao wazee watatu watalipwa nini? Wa NoSleep walijitolea, wa Usenet walijitolea, sisi wa Wikipedia tunajitolea, na kote huko watu huchoka. Mama, wape zamu. Mtu awe msimamizi msimu mmoja, kisha apumzike, na achague mmoja wa wageni aliyeona anajibu wenzake vizuri ashike nafasi yake. Usisubiri achoke ndipo umtafutie mbadala.

#17 Mama Ufuta

Marahaba wanangu, nimewaelewa. Hilo la zamu nimelipenda, maana kwenye kikoba chetu ndivyo tunavyofanya na mweka hazina. Wa sola nimeshamtoa, kumbe ni mtoto wa shemeji yangu, kanipigia simu analalamika. Nimemwambia atarudi akiwa na swali la ufuta.

Kuhusu hizo jumuiya, binti yangu anasema simu yangu haizionyeshi. Inabidi nifanye nini?

#18 Nassoro_mpya

Mama, shikamoo. Sasisha WhatsApp kwanza kutoka Play Store. Ikishamaliza, fungua sehemu ya kuanzisha gumzo jipya, hapo utaona chaguo la jumuiya mpya pamoja na la kundi jipya. Ukiitengeneza itakuuliza makundi ya kuongeza, chagua lile lako la zamani, watu hawapotei. Ukikwama niandikie hapa hapa nikuelekeze.